Bandika Sufuria, Obitre Anakuja

Baiskeli ya babu bado ipo nyumbani kwetu Pajulu, kijijini karibu na mji wa Arua, na usukani wake una pembe moja ndefu na nyingine fupi. Aliyeikata ile fupi ni Obitre, mdogo wake baba yangu. Babu alikuwa ametoka kuzikwa. Obitre akaazima msumeno wa chuma kwa fundi, akakata kipande kinachoingia kidole, akakisugua kwa mchanga na majivu mpaka kikang'aa. Baba yangu, Ocokoru, alimpiga kwa kuharibu baiskeli ya marehemu. Jioni, alipoona kile kipande kimekatwa kwa ajili ya muziki, alimpiga tena.

Gitaa la kwanza lilikuwa la mbao za sanduku, na nyuzi zake zilikuwa nyaya zilizofumuliwa kutoka kamba ya klachi ya pikipiki. Obitre hakulikumbatia kama wapigaji wengine. Alililaza magotini kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo, akainua nyuzi kwa mfupa wa ng'ombe zisiguse ubao, kisha akatelezesha kile chuma juu yake. Sauti haikuruka kutoka hapa hadi pale. Ilipanda mlima, ikashuka, ikatetemeka njiani kama koo la mtu.

Na koo ndilo alilokuwa akilitafuta. Kwetu Walugbara kila mwanamume ana cere yake, mwito mrefu wa sauti nyembamba anaoupiga akikaribia nyumbani kutoka mbali, au akiingia uwanjani kwenye ngoma ya msiba. Cere ni ya mtu mmoja, kama sura yake. Ukipiga ya mwenzako, hata kwa utani, umemvua nguo, na watu wamewahi kuumizana kwa jambo hilo. Gitaa la kawaida haliwezi kuipiga kwa sababu shingo yake ina vyuma vilivyopangwa kama ngazi, na cere haipandi kwa ngazi. Obitre alikuwa mtu wa kwanza huku kwetu kuitoa kwenye nyuzi. Aliipiga yake tu.

Bibi yangu, Margarita, macho yalimwishia kabla sijazaliwa. Wanawe aliwajua kwa cere. Obitre akitoka Arua au Koboko hushukia kwenye mikaratusi kule barabarani, anapiga cere yake kwa mdomo, na bibi, popote alipo uani, anainua kidevu.

"Bandika sufuria," anasema. "Obitre anakuja."

Hakuna aliyekwenda kutazama. Sisi wasichana tuliweka maji motoni na kuosha kunde, na yeye alipoingia uani ugali ulikuwa karibu kuiva. Baba alikuwa akinung'unika kwamba yeye analima shamba lile mwaka mzima na hajawahi kubandikiwa sufuria kwa kupiga kelele barabarani.

"Wewe hujawahi kuondoka," bibi alimjibu. "Nikubandikie unatoka wapi? Chooni?"

Obitre aliishi kwa kupigia watu wengine. Alianzia harusi za Koboko, kwa Kulusum, mwimbaji wa Kinubi mwenye sauti nzito ambaye wanawake wa mji ule wasingemwoza binti bila yeye. Kulusum akiimba, gitaa la Obitre lilimjibu kama mwanamke mwingine aliyejificha nyuma ya pazia. Kisha kwaya za kanisa kule Ludara zikamtaka, halafu wagombea wa kura, halafu vijana wa mjini wanaorekodi. Arua palikuwa na studio kwenye nyumba ya watumishi, nyuma ya moja ya zile nyumba za zamani za Arua Hill, magodoro yamepigiliwa ukutani na trei za mayai darini. Mwenyewe alikuwa Kabiru, Mnubi wa mjini, mtu mchangamfu, mnene, asiyevua miwani ya jua hata ndani.

Obitre aliitwa mwisho, wengine wote wakiwa wamekwisha kurekodi. Kabiru alimchezea wimbo, akamwonyesha mahali palipo wazi, naye akapajaza. Kwa hiyo Kabiru alimpa jina la Kiraka. Jina likashika, hata waimbaji wadogo wakamwita Mzee Kiraka, naye aliitika. Sauti ya chuma chake imo katika nyimbo nyingi za huku kuliko ya mwimbaji yeyote ninayemjua. Jina lake halimo hata katika wimbo mmoja.

Kilichofuata Obitre alinisimulia mwenyewe, na sehemu nyingine nimezipata kwa watu waliokuwapo.

Kulikuwa na kijana anaitwa Aziz, mzaliwa wa Koboko, sura nzuri, sauti ya wastani. Kabiru alikuwa amemtengenezea wimbo wa mapenzi, na wimbo ulikuwa mzima ila haukuwa na mwanzo. Akamwita Obitre.

"Kiraka, hii wimbo haina kichwa. Mutu akisikia mwanzo, iko sawa na ingine tu. Tia kitu."

Obitre akapiga ya harusi.

"Hiyo iko ya harusi. Watatafuta bibi-arusi iko wapi."

Akapiga ya kanisa.

"Hiyo watu watatoa sadaka bure. Sikia. Ile siku tulitoka soko pamoja, ukashuka njia ya Pajulu, ukalia kama ng'ombe imekatwa. Leta ile."

"Ile hapana kitu ya kuweka kwa wimbo."

"Kwa nini?"

"Iko cere. Cere iko ya mutu."

"Mutu gani?"

"Mimi."

Kabiru akacheka, akageukia vijana waliokaa sakafuni. "Mumesikia? Mwenyewe iko hapa. Mwenyewe akikubali, nani atakataa?"

Desturi ya cere inamkataza mwingine. Haikumtaja mwenye cere, kwa sababu wazee hawakuwahi kufikiri kwamba mtu angeitoa yake kwa hiari. Obitre alikaa na chuma kidoleni akitafuta kosa liko wapi, asilione.

Kabiru alijua kushona mahali palipobaki. "Na nitasema jina yako kwa mwanzo. Mimi mwenyewe, na hii mdomo: Obitre kwa gitaa! Mama yako iko na redio, si ndiyo?"

Bibi alikuwa nayo. Ilikaa juu ya kinu, na alikuwa akiisikiliza mchana kutwa. Katika miaka yote ya kujaza nyimbo za watu hakuwahi kusikia jina la mwanawe, na baba yangu hakuacha kumkumbusha. "Anasema anapiga redioni," baba alikuwa akisema. "Hata mimi napumua redioni, ila hawanitaji."

Obitre akalaza gitaa magotini, akapiga cere yake yote, bila kuificha. Kabiru alivua miwani.

Wimbo ulitoka wakati wa mavuno ya ufuta. Mwanzoni sauti nene inasema, "Kabiru tena! Kabiru!" Halafu inakuja cere ya Obitre. Halafu anaingia Aziz.

Mimi nilikuwa likizo. Asubuhi bibi alikuwa akimenya karanga, na kwa jirani simu ya mtu ikaanza kuucheza wimbo ule. Kidevu kikainuka.

"Bandika sufuria. Obitre anakuja."

Nikabandika. Kunde zikaiva, ugali ukaiva, ukafunikwa, ukapoa. Bibi hakula, alisema huenda amesimama njiani kusalimia watu. Alasiri pikipiki ikapita barabarani ikicheza wimbo ule ule.

"Sasa ndiyo anakuja. Pasha moto."

Kesho yake ilikuwa vilevile. Nilijaribu kumweleza kwamba ni wimbo, hakunielewa, au hakutaka. Baba alimwacha kwanza, nadhani ilimfurahisha. Jioni akasimama mbele ya mama yake, mikono kiunoni.

"Mama, unapoteza kuni. Ile ni simu."

"Simu haina koo."

"Ina koo la mwanao. Ameliuza Arua."

"Mtu hauzi koo lake, Ocokoru."

"Mwulize akija. Kama ukijua siku aliyokuja."

Bibi aliendelea kumenya karanga, akatupa karanga na kuweka maganda kwenye ungo.

Obitre alipanda Arua Hill kudai jina lake. Aziz alikuwapo, viatu vipya.

"Jina ilikuwa ndefu," Kabiru alimwambia. "Ilikula mwanzo yote."

"Jina yako haikukula?"

"Yangu iko fupi."

Vijana wakacheka. Obitre akasema basi, waiondoe ile sauti, mama yake anaumia. Kabiru akampa simu yake mkononi, kwa adabu kabisa.

"Anza na hii. Ukimaliza, shuka stendi ya bodaboda, futa kwa simu moja moja. Halafu Koboko. Halafu pita ng'ambo Kongo, hata kule wanacheza."

"Kumbe iko gitaa?" Aziz akasema. "Wallahi mimi nilifikiri paka."

Hata harusini hakuweza kuikimbia. Kulusum alikuwa amenunua kinanda, na mpigaji wake alikuwa ameikamata ile cere kwa kinanda, ngazi kwa ngazi, ikitembea kama mtu mwenye mguu wa mti. Kwenye harusi moja wageni waliudai wimbo wa Aziz. Obitre akapiga cere yake kama ilivyo. Shangazi ya bwana-arusi akatikisa mkono.

"Hapana hivyo, mzee! Unaharibu. Ya kweli inaanza chini kidogo."

"Sikiza kinanda," Kulusum akamwambia, bila kumgeukia. "Fuata yeye."

Obitre akafuata kinanda. Aliniambia kwamba siku ile alijifunza cere yake upya, na kwamba shangazi yule alimpigia makofi.

Kilichokuja baadaye kilikuwa kibaya zaidi, na Kabiru alikifanya bila hata kukifikiria. Rafiki yake mmoja, Wani, aliuza dawa ya panya kwa baiskeli yenye spika. Alitaka kitu cha kushtua watu waangalie. Kabiru akamkatia ile cere peke yake, bila Aziz, ikafuatwa na sauti ya Wani: "Panya! Mende! Kunguni! Wote wakufe!" Kisha cere tena. Kisha panya. Wani alizunguka soko la Arua, na siku zisizo za soko alishuka vijijini, akapita Pajulu taratibu, maana barabara yetu ina mashimo.

Watoto waliipenda. Walikuwa wakipiga cere ya Obitre na kuangukiana mavumbini kama panya waliokufa. Zamani mzazi angewachapa.

Bibi alijifunza. Ilimchukua muda, lakini alijifunza. Cere ikisikika kwenye mikaratusi, kidevu hakikuinuka tena. Alikuwa akisema kwa sauti, kuelekea barabarani, "Hatuna panya," akaendelea na kazi.

Obitre alipokuja tena aliona aibu kupiga. Aliingia uani kimyakimya, akamgusa bega mama yake. Bibi akapiga kelele, akamrushia mchi. Ulimpata kwenye goti.

"Mama, ni mimi!"

"Mimi nani?"

"Obitre."

"Obitre hupiga cere. Wewe umeingia kama mwizi."

"Nimeiacha, mama. Imechafuka."

Bibi akamshika uso kwa mikono yote miwili, pua, masikio, kovu la utosini alilolipata siku ya msumeno. Akaridhika, lakini hakucheka. Nilitaka kubandika sufuria, akaniambia niache, mtu akishaingia ndani sufuria ni ya nini.

"Utafikaje nyumbani bila cere?" alimwuliza.

"Nitatembea tu."

"Punda pia hutembea." Kisha akamvuta karibu. Mimi nilikuwa jikoni na nilisikia. "Nisikilize. Mimi nazeeka. Siku ukiitwa kwamba nakufa, usije kuninyatia hivi. Piga pale kwenye miti, nikusikie, niseme wabandike. Nataka nife nikijua unakuja. Ahidi."

Obitre akaahidi. Baba, aliyekuwa akifunga kamba ya mbuzi, akasema, "Atapiga, na wewe utasema hatuna panya." Alisema akicheka. Baba yangu si mtu wa kubashiri, alikuwa anataka tu kuumiza.

Siku ilifika mwanzo wa kiangazi. Bibi alishikwa na kifua, hospitali ikamrudisha nyumbani. Baba alimpigia simu Obitre, aliyekuwa Koboko, na kumwambia aje kama ana nafasi, maana mama hana. Obitre alipanda pikipiki asubuhi na chuma chake mfukoni, gitaa akaliacha.

Nilikuwa nimekaa kitandani nikimnywesha bibi maji kwa kijiko. Akili yake ilikuwa timamu. Kila kitambo aliuliza kama nimesikia kitu barabarani, nami nilisema bado. Saa za adhuhuri, jua kali, cere ya Obitre ikalia kutoka kwenye mikaratusi.

Haikuwa ya spika. Mtu yeyote mwenye masikio ya kawaida angejua. Ilikuwa imechoka na imekwaruzwa na vumbi la safari, na iliishia na kikohozi.

Bibi akakunja uso. "Mwambieni apite. Hatuna panya."

"Bibi, ni yeye. Ni baba mdogo."

"Wewe nawe. Mmenipikisha bure mara ngapi?"

Cere ikalia tena, ndefu zaidi. Najua sasa alikuwa amesimama pale akingoja kusikia mtu akiitika, kwa sababu ndivyo alivyoahidi. Hakutaka kunyata.

"Mfukuzeni huyo mtu wa panya," bibi akasema. "Anajaza masikio yangu. Obitre atapita nisimsikie."

Baba alikuwa mlangoni. Nilimtazama aseme neno moja. Alisema, "Ndiyo mama, namfukuza," akatoka nje, akasimama ukutani akitazama barabara. Nilikimbia mimi. Nilimkuta Obitre amejishikilia kwenye mti, mishipa ya shingo imemtoka, anavuta pumzi kwa ajili ya mara nyingine. Nikamvuta mkono. Nilimwambia aache, aje tu.

Aliingia, akapiga magoti, akamshika mama yake mguu kwa sababu mikono ilikuwa ndani ya shuka.

"Mama, nimekuja. Nimepiga. Ni mimi."

"Nyamazeni," bibi akasema. Sauti ilikuwa imeshuka sana. Kichwa chake kilikuwa kimegeukia dirisha. "Nyamazeni wote. Nasikiliza barabara."

"Mama—"

"Nyamaza, wewe! Utanifanya nimkose."

Akanyamaza. Angefanya nini tena? Alikaa vile, mguu wa mama yake mikononi, akizuia hata kikohozi, mpaka ule mguu ukaanza kupoa. Bibi alikufa akiwa ameinua kidevu kidogo.

Kwenye ngoma ya msiba wanaume wa ukoo waliingia uwanjani mmoja mmoja na kupiga cere zao. Ya baba yangu ni safi, haijawahi kutoka Pajulu, na wanawake walimpokea kwa vigelegele. Obitre aliingia baada yake. Alifungua mdomo. Vijana waliokaa juu ya magunia ya mhogo hawakumngoja hata kufika katikati.

"Panya! Mende! Kunguni!"

"Wote wakufe!"

Watu walicheka msibani. Hawakutaka, ila walicheka, mama mmoja akiwa na machozi ya kilio bado mashavuni. Obitre alisimama na mdomo wazi. Baba yangu akamwendea, nikadhani anakwenda kumtoa kwa heshima. Akanyoosha kiganja.

"Leta chuma cha baba."

Obitre akakitoa mfukoni, akampa.

Siku hizi anabeba magunia kwenye stoo ya ufuta Koboko. Kabiru alimtumia mtu mara moja kumwita kwa kazi, na hakwenda. Chuma baba alijaribu kukirudisha kwenye usukani, kikakataa, kimesuguliwa kikawa chembamba mno. Akakipigilia kwenye mpini wa jembe uliokuwa umepasuka. Unashika vizuri. Mimi mwenyewe nimelimia jembe lile, na Wani akipita barabarani na baiskeli yake, wa kwanza kusema "Hatuna panya" sasa ni baba.